Kumbukumbu za Mahakama na Polisi katika Historia ya Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

1. Utangulizi

Historia ya mji wa Nairobi imeandikwa zaidi kutokana na karatasi za wale walioutawala. Ripoti za magavana, mihutasari ya Baraza la Mji, ramani za wapimaji na barua za walowezi ndizo zilizotumiwa kwa wingi. Katika maandishi hayo mkazi wa Pumwani, Shauri Moyo au Kaloleni ni tarakimu katika jedwali: kodi iliyolipwa, vyumba vilivyojengwa, vibarua waliohitajika. Hasemi neno.

Hata hivyo, ipo aina moja ya maandishi ambamo mkazi huyo anaitwa kwa jina lake, anaulizwa alikuwa wapi usiku fulani, anakula kiapo, kisha anajibu. Maandishi hayo ni majalada ya mahakama na vitabu vya vituo vya polisi. Humo mna mwenye nyumba anayemdai mpangaji kodi, mama aliyekamatwa na pipa la pombe, kijana aliyesimamishwa njiani na askari, na jirani aliyesikia kelele akatoka na taa. Kwa mchunguzi wa lugha na wa historia hii ni hazina isiyo na mfano. Lakini ni hazina yenye masharti. Asiyejua njia ya kuifikia hupoteza miezi mingi akipigwa kalenda kutoka dirisha moja hadi jingine, na asiyejua jinsi ilivyoandikwa huweza kuyachukua maneno ya karani akadhani ni maneno ya shahidi.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu kuhusu mitaa ya Mashariki ya Nairobi, ambayo wenyeji huiita Eastlands. Kwanza, jinsi kumbukumbu hizi zilivyozaliwa na sheria za mji. Pili, jinsi zinavyotafutwa, za leo na za zamani. Tatu, jinsi zinavyopaswa kusomwa, hasa kwa kuwa nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza ilhali maneno yenyewe yalisemwa kwa Kiswahili.

2. Mitaa na sheria iliyoizaa

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mara tu kambi ya reli ilipogeuka kuwa mji, Waafrika waliokuja kufanya kazi na biashara walijijengea vijiji pembezoni: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini na vinginevyo. Wengi wa wenye nyumba katika vijiji hivyo walikuwa wanawake, na Kiswahili kilikuwa lugha ya uani na ya barazani. Serikali ya kikoloni haikupendezwa na makazi ambayo haikuyapanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Pumwani ilitengwa kuwa eneo rasmi la Waafrika, na vijiji vya zamani vikaanza kubomolewa kimoja baada ya kingine. Pangani kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, na mtaa wa Shauri Moyo ulijengwa wakati huo ili kuwapokea waliohamishwa.

Kariokor, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikwisha kujengwa kabla ya hapo. Kaloleni, Ziwani na Starehe zilifuata katika miaka ya 1940. Katika miaka ya 1950 ziliongezwa Bahati, Mbotela, Ofafa, Jericho na Jerusalem, na baada ya uhuru zikaja Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole. Majina mawili katika orodha hii yanastahili kuangaliwa. Mtaa wa Mbotela ulipewa jina la Tom Mbotela, diwani aliyeuawa mwezi wa Novemba 1952 karibu na soko la Burma. Alikuwa mwana wa James Mbotela, mtungaji wa Uhuru wa Watumwa. Mitaa ya Ofafa inamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani mwingine aliyeuawa mwaka 1953. Hivyo basi hata vibao vya majina ya mitaa hii vinamrudisha msomaji kwenye mafaili ya polisi.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba wingi wa kesi katika mitaa ya Mashariki haukutokana na ubaya wa watu wake. Ulitokana na wingi wa mambo ambayo sheria iliyafanya kuwa makosa. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba kipande. Kukisahau nyumbani lilikuwa kosa. Kutembea usiku mjini bila kibali lilikuwa kosa. Kukaa mjini bila kazi lilikuwa kosa, na mwaka 1949 ikatungwa sheria nyingine ya kuwaandama wale walioitwa wasiotaka kazi kwa hiari yao. Kupika pombe nyumbani lilikuwa kosa pia, kwa kuwa Baraza la Mji lilijitwalia haki ya kuwauzia Waafrika pombe katika kilabu chake huko Pumwani na kupata mapato kwayo.

Uhuru haukuifuta hali hiyo mara moja. Sheria ya uzururaji iliendelea kutumika hadi ilipofutwa mwaka 1997. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria maalumu ya mwaka 1980, nayo marufuku hiyo ikaondolewa na sheria ya vileo ya mwaka 2010. Kwa hiyo mchunguzi anayehesabu kesi za pombe za Makadara katika miaka ya 1980 na kuzilinganisha na za miaka ya 2010 asiseme upesi kwamba watu wameacha kunywa. Huenda kilichobadilika ni kifungu cha sheria tu. Kumbukumbu za mahakama hupima kwanza mkono wa dola. Mienendo ya watu huonekana nyuma ya mkono huo, kwa mbali kidogo.

3. Njia ya jalada

Ili kuitafuta kesi hapana budi kuifahamu njia inayopitia. Njia hiyo huanzia mezani kwa polisi. Mlalamishi anapofika katika kituo, kwa mfano Shauri Moyo, Pumwani, Makongeni au Buruburu, maneno yake huandikwa kwa ufupi katika kitabu cha matukio, ambacho wakazi wa Nairobi wote hukiita OB. Kila ingizo hupewa namba yenye sehemu mbili: namba ya mfuatano ya siku hiyo, na tarehe. Ingizo la 23 la tarehe 14 Mei 2019, kwa mfano, huandikwa 23/14/5/2019. Mtu aliyeibiwa, aliyepigwa au aliyepoteza kitambulisho huondoka kituoni na namba hiyo imeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Karatasi hiyo ni ndogo, lakini ndiyo ufunguo wa kila kinachofuata. Mwenye namba ya OB anaweza kulifuatilia jambo lake hata akikuta afisa aliyempokea amehamishwa. Asiye nayo hana pa kushika.

Jambo likionekana kuwa la jinai, afisa wa upelelezi hufungua faili lake mwenyewe. Humo hukusanywa taarifa za mashahidi, mchoro wa mahali pa tukio, na, ikiwa mtu ameumizwa, fomu ya P3 iliyojazwa na daktari. Mshukiwa akifikishwa kortini huandikwa hati ya mashtaka. Hati hii ndiyo daraja kati ya maskani mbili za kumbukumbu, kwa sababu hubeba namba ya kesi ya polisi pamoja na namba ya kesi ya mahakama. Mchunguzi aliyepata nakala ya hati ya mashtaka ameshika ncha zote mbili za kamba.

Mahakamani kesi huingizwa katika daftari la masjala. Namba huanza upya kila mwaka, na kila aina ya shauri ina mfululizo wake: jinai, madai, trafiki, urithi, watoto. Kwa hiyo kusema tu kwamba ni kesi namba 312 hakumsaidii karani. Ni lazima yatajwe mambo manne kwa pamoja, yaani mahakama, aina ya shauri, namba na mwaka. Kwa sehemu kubwa ya Eastlands mahakama hiyo ni ya Makadara, iliyo katika barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm. Tangu tarehe 1 Julai 2020 mashauri ya Nairobi yanafunguliwa kwa njia ya kielektroniki, na mwenye shauri huweza kulifuatilia kwa namba yake bila kupanga foleni. Lakini majalada ya kabla ya hapo ni ya karatasi, na daftari la masjala ndilo linalotegemewa.

Itakuwaje kama namba haijulikani? Zipo njia tatu zilizozoeleka. Ya kwanza ni kutafuta kwa tarehe: daftari la masjala hufuata siku za kufunguliwa kwa kesi, na anayejua juma la tukio anaweza kupitia kurasa chache akaliona jina. Ya pili ni magazeti. Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939, na Taifa Leo baada yake, yaliandika habari za korti mara kwa mara, na habari hizo aghalabu hutaja jina la hakimu, mahakama na siku. Magazeti ya zamani husomwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa na katika maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na yenye matawi Kaloleni na Makadara. Njia ya tatu ni rufani. Kesi ya hakimu wa Makadara iliyokatiwa rufani huamuliwa na Mahakama Kuu, na juu ya hukumu ya rufani huandikwa namba na mwaka wa kesi ya awali. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za mahakama zilizo juu yake huchapishwa bila malipo na Baraza la Taifa la Uchapishaji wa Ripoti za Sheria, lijulikanalo kama Kenya Law. Anayezisoma huweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye jalada la chini.

Kuhusu haki ya kuona, yafaa kutofautisha watu. Mshtakiwa ana haki ya kikatiba, kwa Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010, ya kupata nakala ya kumbukumbu za kesi yake kwa ada ya kiasi. Mtu mwingine, akiwemo mchunguzi, huandika barua kwa mkuu wa kituo cha mahakama, akaeleza sababu, akalipa ada ya kukagua jalada na ada ya nakala. Vitabu na mafaili ya polisi ni magumu zaidi kufikiwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, au ndani ya saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi likikataliwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Lakini sheria hiyo hiyo inaziacha nje habari zinazoweza kuhatarisha usalama wa taifa, kuharibu mwenendo wa haki au kuingilia faragha ya mtu. Upelelezi unaoendelea, basi, haufunguliwi kwa ajili ya utafiti.

4. Kumbukumbu za zamani na makao yake

Mchunguzi wa miaka ya ukoloni hukutana na tatizo la aina nyingine: mahakama zenyewe zimebadilika majina na wenyewe. Mahakama ya Juu iliyotajwa katika majalada ya 1950 ndiyo iliyozaa Mahakama Kuu ya sasa; Mahakama ya Juu ya leo ni chombo kipya kilichoundwa na Katiba ya 2010. Asiyejua hivyo huagiza faili asilolitaka.

Kubwa zaidi ni habari ya mahakama za Waafrika. Chini ya sheria ya mwaka 1930 mashauri ya Waafrika kwa Waafrika yalisikilizwa na mabaraza ya wenyeji, na sheria ya mwaka 1951 ikayageuza kuwa mahakama za Waafrika. Mabaraza na mahakama hizi ziliwekwa chini ya utawala wa mikoa na wilaya, na rufani za mabaraza zilikwenda kwa maofisa wa utawala. Mfumo huu uliondolewa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967, iliyounganisha mahakama za chini zote. Matokeo yake kwa mchunguzi ni haya: kesi ya mahari au ya deni kati ya wakazi wawili wa Pumwani katika miaka ya 1940 haitafutwi kwanza katika karatasi za mahakama. Hutafutwa katika karatasi za utawala, pamoja na ripoti za ofisa wa mji aliyesimamia mambo ya Waafrika. Mashauri ya ndoa na mirathi ya Waislamu wa Majengo yalikuwa na njia yake kwa kadhi, nayo ni ya thamani kubwa kwa historia ya wanawake wenye nyumba.

Makao makuu ya kumbukumbu hizi ni Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965 na iliyomo sasa katika jengo lililokuwa la benki, barabara ya Moi. Kwa kanuni ya sheria hiyo nyaraka za serikali hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Msomaji hujiandikisha, hulipa ada ndogo, huangalia orodha za mafaili kwa ofisi zilizoyatoa, kisha huagiza kwa namba. Ni muhimu kufahamu kwamba orodha hizo zimepangwa kwa ofisi, wala hazikupangwa kwa mtaa au kwa jina la mtu. Swali la kwanza la mchunguzi liwe: jambo hili lilikuwa mikononi mwa ofisi gani mwaka huo?

Lakini si kila jalada lililofika huko. Sheria ya Uondoaji wa Kumbukumbu, Sura ya 14, inamruhusu Jaji Mkuu, kwa kushauriana na mkuu wa hifadhi, kuweka kanuni za kuharibu majalada ya mahakama baada ya muda uliowekwa. Mahakama haina nafasi ya kuweka kila karatasi, na kanuni hiyo inaeleweka. Hata hivyo tazama ni nani anayefutika. Kesi ya mauaji huhifadhiwa. Kesi ya faini ndogo huchomwa. Na kesi za faini ndogo, yaani kipande, pombe, uchuuzi bila leseni na kelele za usiku, ndizo zilizokuwa maisha ya kila siku ya mitaa ya Mashariki. Katika hali hiyo daftari la masjala, ambalo huweka jina, kosa na adhabu katika mstari mmoja, huenda likawa alama pekee iliyosalia. Daftari hilo halipaswi kudharauliwa.

5. Yaliyoandikwa na yaliyonyamaziwa

Nguvu ya majalada haya ilidhihirika katika utafiti wa vita vya Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mwaka uliofuata zikaundwa mahakama maalumu za kusikiliza kesi za watuhumiwa wa Mau Mau kwa haraka. Katika kitabu chake cha mwaka 2005, Histories of the Hanged, mwanahistoria David Anderson alitumia mamia ya majalada ya kesi hizo, akaonyesha kwamba Waafrika 1,090 walinyongwa. Watu ambao hapo awali walitajwa kwa jumla kama magaidi walionekana tena wakiwa na majina, vijiji, kazi na maelezo yao wenyewe mbele ya jaji.

Hata hivyo, tukio kubwa kuliko yote la polisi na jeshi katika historia ya Eastlands liliacha majalada machache mno ya kesi. Tarehe 24 Aprili 1954 mji ulizingirwa katika operesheni iliyoitwa Anvil. Mtaa baada ya mtaa, wakazi walitolewa nje, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa nyuso kwa magunia, na maelfu wakapelekwa katika kambi za Manyani na Mackinnon Road. Walizuiliwa bila kushtakiwa. Pasipo shtaka hapana hati ya mashtaka, hapana shahidi wa kuhojiwa, hapana utetezi ulioandikwa. Mtu aliyeiba kuku Bahati mwaka huo huenda alipata nafasi ya kusema mbele ya hakimu. Jirani yake aliyepelekwa Manyani hakuipata. Mchunguzi akihesabu kesi za 1954 peke yake ataona mwaka wa kawaida, kumbe nyumba nyingi zilikuwa hazina wenyewe.

Ukimya mwingine ulitengenezwa kwa makusudi. Uhuru ulipokaribia, serikali ya kikoloni iliteketeza sehemu ya mafaili yake na nyingine ikaisafirisha Uingereza kwa siri. Kuwepo kwake kulikirihiwa kusemwa kwa muda wa karibu nusu karne, hadi mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyotendewa kambini. Mafaili yalipatikana katika ghala la Hanslope Park, pamoja na ya makoloni mengine, na baadaye yakahamishiwa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba kutunza jalada au kulificha ni jambo linalowagusa watu walio hai. Kwa wazee wale karatasi ya zamani ilikuwa tofauti kati ya kusadikiwa na kuitwa waongo.

6. Lugha ya jalada

Hapa ndipo mwanaisimu anapokuwa na la kusema ambalo mwanahistoria na mwanasheria hawawezi kulisema kwa ukamilifu. Kanuni ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 198, inasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa hivyo katika chumba cha hakimu wa Makadara Kiswahili ni lugha halali, na ndicho kinachosikika zaidi. Lakini kalamu ya hakimu kwa desturi huandika Kiingereza. Shahidi anasema lugha moja, jalada linasema nyingine, na kati yao pana kazi ya kutafsiri isiyoonekana.

Zamani kazi hiyo ilikuwa nzito zaidi. Mama aliyezaliwa Murang'a aliweza kusema Kikuyu. Mkalimani akakigeuza kuwa Kiswahili. Hakimu Mzungu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha mtihani wa serikali, akaandika Kiingereza. Maneno yamevuka mito miwili kabla ya kutua kwenye karatasi. Heshima, kejeli, methali na kusitasita vilibaki ng'ambo.

Chukua kitenzi kimoja. Mlalamishi wa Eastlands akisema kwamba alipigwa ngeta, kila msikilizaji wa Nairobi anaelewa mambo kadhaa kwa pamoja: kwamba alikabwa shingo kutoka nyuma, kwamba waliofanya hivyo aghalabu ni zaidi ya mmoja, na kwamba shabaha ilikuwa mfuko wake. Tafsiri ya kawaida ya Kiingereza hutaja shingo tu. Kama shtaka ni wizi wa kutumia nguvu, kilichoachwa na mkalimani chaweza kuwa ndicho kiini cha kosa. Vivyo hivyo kijana anayemwita polisi karao au sanse anaeleza pia uhusiano wake naye, nayo habari hiyo hupotea inapoandikwa afisa. Sheng, iliyokulia katika mitaa hii hii, imekuwa ikisemwa mbele ya mahakimu kwa miongo mingi, lakini anayeitafuta katika majalada ataipata kwa nadra, kwa sababu ilitafsiriwa kabla ya kuandikwa.

Kuna, hata hivyo, mahali pawili ambapo sauti yenyewe hupenya. Pa kwanza ni jibu la shtaka. Sheria inataka mshtakiwa anayekiri aandikwe kwa maneno yaliyo karibu kabisa na yale aliyoyatumia, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliufafanua utaratibu huo katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri mwaka 1973: shtaka na sehemu zake zote zielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe, maelezo ya tukio yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Kwa ajili hiyo katikati ya ukurasa wa Kiingereza msomaji hukuta ghafla maneno kama ni kweli au si kweli, na mara nyingine sentensi nzima. Hukumu nyingi zimetenguliwa katika rufani kwa sababu jalada halikuonyesha ni lugha gani iliyotumika. Swali la lugha, basi, limekuwa swali la mtu kufungwa au kwenda nyumbani kwake.

Pa pili ni kitabu cha matukio na taarifa za mashahidi, zinazoandikwa na askari kwa haraka. Hata zinapokuwa za Kiingereza, muundo wa Kiswahili huchungulia katika mpangilio wa sentensi, na majina ya mahali hubaki kama wenyeji wanavyoyataja. Mchunguzi wa majina ya vichochoro vya Majengo atafaidika hapa kuliko katika ramani yoyote.

7. Adabu ya mtumiaji na hitimisho

Anayezitumia kumbukumbu hizi amepewa siri za watu. Shtaka si ushahidi kwamba jambo lilitendeka, na jalada linaloishia kwenye hati ya mashtaka bila hukumu halimtii mtu yeyote hatiani. Kabla ya kumtaja mtu kuwa mhalifu, ni wajibu kufuatilia kesi hadi mwisho wake, ikiwemo rufani. Majina ya watoto na ya waliodhulumiwa kingono yasitolewe kamwe. Wajukuu wa mshtakiwa wa 1950 pengine bado wanaishi katika nyumba ile ile. Mara nyingi inatosha kutaja mtaa, mwaka na kosa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasisitiza jambo hilo, ingawa hata pasipo sheria, uungwana ungelidai.

Yaliyoelezwa hapa yanaweza kufupishwa hivi. Kesi ya leo hufuatwa kwa namba ya OB, hati ya mashtaka na daftari la masjala. Kesi ya zamani hufuatwa kwa kuijua kwanza ofisi iliyoimiliki. Idadi ya kesi husomwa pamoja na sheria za wakati wake, na mwaka uliokosa kesi huulizwa kwa nini umekosa. Maneno ya shahidi husomwa kwa kumkumbuka mkalimani aliyesimama kando yake.

Kazi inayozisubiri idara za lugha za vyuo vikuu ni wazi. Majalada ya mahakama za chini yanaendelea kuzeeka, na kanuni za uondoaji zinaendelea kutumika. Madaftari ya masjala ya mahakama za mijini yangeweza kupigwa picha kwa gharama ndogo kabla hayajaondolewa. Wakalimani wa mahakama waliostaafu bado wapo, nao wanakumbuka jinsi walivyokuwa wakiyageuza maneno fulani ya mitaani. Kumbukumbu zao zingekuwa kamusi ya aina yake. Na mahakama zenyewe zingeshauriwa kwamba pale shahidi anaposema Kiswahili, na sheria inaruhusu Kiswahili, basi Kiswahili kiandikwe. Kifungu cha 7 cha Katiba kimeifanya lugha hii kuwa ya taifa na pia rasmi. Mkazi wa Eastlands aliyekula kiapo akasema yake ana haki ya kukuta maneno hayo kwenye karatasi kama alivyoyasema.